Aliyempima Kanali, Akamwamini Mwanawe

Wewe una kilo ngapi? Usinitajie zile za zamani, wala zile utakazokuwa nazo ukianza mazoezi Jumatatu. Nauliza kilo za leo, baada ya chai. Kama umejibu haraka bila kupepesa macho, basi umenidanganya, na nakusamehe, maana mimi niliulizwa swali hilo hilo mbele ya kanali, marubani na kikosi kizima, nikadanganya vizuri kuliko wewe. Na mimi ndiye niliyekuwa nimejiteua, bila mshahara wala barua ya uteuzi, kuwa msema kweli wa taifa hili.

Aliyeniuliza alikuwa Mama Mdogo, anayemfuata mama yangu kwa kuzaliwa. Kambini wanamwita Mama Nyavu. Ni sajenti katika kikosi cha ndege za mizigo cha jeshi la anga, mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti inayosikika hata injini zikinguruma. Havai kofia ngumu kabla ya kupaka rangi ya mdomo, na ukimuuliza rangi hiyo inamsaidia nini ndani ya tumbo la ndege lenye giza, atakwambia mizigo nayo ina macho. Si mtu wa kujishusha. Akifanya jambo vizuri atakusimulia, kisha atamsimulia jirani wewe ukiwa umesimama hapo hapo, ili ushuhudie.

Jina la Nyavu alilipata kihalali. Alipohamishiwa uwanjani kutoka stoo ya mablanketi, ambako alikuwa amehesabu mablanketi hadi akaanza kuota vumbi, alikuta nyavu za kufungia mizigo zimechanika na mpya hazipo. Alikaa sakafuni kwenye banda la ndege akazisuka upya, fundo kwa fundo, wiki nzima, huku mafundi wakimuuliza samaki wataletwa lini. Ndege iliruka na nyavu zile na hakuna gunia lililohama mahali pake. Hadithi hiyo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuisimulia usingizini, na Baba Mdogo, ambaye ni kinyozi na husikiliza hadithi za watu kutwa nzima, huwa anaondoka mezani ikifika kwenye samaki.

Lazima nieleze kazi yake, kwa sababu na mimi sikuielewa. Nilidhani mpakiaji wa ndege ni kuli aliyevaa vizuri. Kumbe ndiye anayeamua kitu gani kikae wapi, kifungwe vipi, na kama ndege itaondoka au itabaki. Kabla rubani hajashika usukani, hupewa karatasi na mpakiaji, inayomwambia ndege yake leo ina uzito gani na uzito huo umelala wapi. Karatasi ikidanganya, rubani anakuja kujua akiwa tayari yuko hewani, na huko hakuna pa kuegesha.

Mama Mdogo alinielezea hayo mezani. Alilaza mwiko juu ya ukingo wa kikombe hadi ukatulia sawasawa, kisha akaweka kipande cha sabuni upande wa mpini. Mwiko ukapinduka na kumwaga chai kwenye shati langu la pekee la kupigwa pasi.

"Umeona?" akasema. "Huo ndio mkia. Sasa huyo aliyesema sabuni yake ni nyepesi, mtafute kwenye majivu."

Shida ya kikosi chetu ilikuwa kwamba hakikuwa na hata mpakiaji mmoja mwenye cheti. Mvua zilipofunika mikoa ya mabondeni, ndege yetu wenyewe, yenye bendera yetu mkiani, ilisimama uwanjani ikisubiri wapakiaji wa nchi nyingine waje kuipakia mahema yetu. Mama Mdogo alipewa ufagio. Alifagia ndani ya ndege, akashuka, akasimama pembeni akiwatazama wageni wakifunga mizigo kwa nyavu alizosuka yeye. Mahema yalichelewa. Watu walilala juu ya mapaa ya shule, na kuna waliokuwa hapo jioni ambao asubuhi hawakuwapo. Hadithi hiyo hajawahi kumsimulia jirani.

Baadaye likaja kundi la wakufunzi kutoka jeshi rafiki la usafirishaji wa anga. Hawakuja kutupakilia. Walikuja kukaa miezi kadhaa, kutufundisha kupakia, na kuondoka. Sharti lao lilikuwa moja: kabla hawajaondoka, angalau mtu mmoja wetu afaulu mtihani wa mwisho, apewe cheti cha kupakia na kufundisha wenzake. Wanafunzi walianza wengi. Mmoja alihamishwa, wengine waliangushwa na hesabu, mmoja aligundua kuwa anaogopa ndege, jambo ambalo lilikuwa zuri kuligundua mapema. Akabaki Mama Mdogo. Akifaulu, kikosi kina mwalimu. Akishindwa, wageni wanafunga mabegi yao, kikosi kinarudi kusubiri, na yeye anarudi kwenye mablanketi hadi kustaafu. Kanali, mkuu wa kambi, alimwambia hivyo bila kuzunguka.

Mimi je, nilikuwa nafanya nini hapo? Nilikuwa nimemaliza chuo, natafuta kazi ninayoiheshimu. Kazi nilizoziheshimu hazikuniheshimu. Chuoni nilikuwa mtu. Niliandika makala kwenye gazeti la wanafunzi nikipinga majeshi ya kigeni, ikiwa na kichwa kikali, "Mabawa ya Kukopeshwa," ikasomwa na wanafunzi wote waliokuwa marafiki zangu. Niliongoza mgomo wa kutokula kudai haki za wanafunzi. Mgomo ulidumu hadi saa saba mchana, harufu ya bwalo ilipotugawa, lakini siku hiyo niliingia kwenye mizani ya zahanati ya chuo mbele ya wanaharakati wenzangu, ikasoma kilo sabini na mbili, na namba hiyo niliichukua kama cheo. Niliendelea kuitumia miaka ikipita na mikanda ikipita.

Jeshi lilipotangaza nafasi ya mkalimani wa wale wakufunzi, niliomba. Nilijiambia naingia tumboni mwa mnyama nikamchunguze utumbo. Ukweli ni kwamba nilikuwa naishi kwa Mama Mdogo, na Baba Mdogo alikuwa ameanza kunitazama kila nilipogusa mkate wa pili.

Mkaguzi mkuu wa wageni alikuwa mzee mmoja mrefu, mwembamba, mpole, ambaye kwa Kiswahili alijua neno moja tu: tena. Mkanda ukilegea kidogo, alisema tena. Ukikaza vizuri lakini umeanzia upande usiofaa, tena. Askari wakampa jina, Bwana Tena, naye akalipenda hadi akaliandika kwa kalamu nyeusi kwenye kofia yake. Mimi nilimtazama kwa jicho la makala yangu. Nilitafuta dharau kwenye uso wake, nikakosa. Nikaitafuta kwenye sauti, nikakosa. Nikahitimisha kwamba ni dharau ya kiwango cha juu sana.

Kwa kuwa sikuweza kumkomboa mtu yeyote kwa mshahara wa ukalimani, nilijaribu kuwakomboa kwa tafsiri. Bwana Tena akisema mikanda ianzie mbele, mimi nilisema mikanda ianzie mbele, ndugu zangu, kama ambavyo sisi nasi tunapaswa kuanza kujitegemea. Siku moja nilikuwa ndani ya ndege, upande wa nyuma, nimepamba moto. Askari wakaacha kazi wakanisogelea wasikie. Wakaja wengine. Mara tukasikia ndege inaguna, sakafu ikainama, na gurudumu la mbele likaanza kuachana na ardhi. Mama Mdogo alipiga yowe, "Mbele wote," tukakimbilia mbele, ndege ikatua kwa kishindo. Hiyo ndiyo hotuba yangu pekee iliyowahi kuinua mali ya serikali. Bwana Tena, akiwa chini uwanjani, alilitazama gurudumu, kisha akasema, "Tena?" na kikosi kizima kikakaa chini kwa kucheka.

Basi siku ya mtihani ikafika. Ilikuwa siku moja kabla ya wageni kuondoka. Mama Mdogo alitakiwa apakie ndege yetu ndogo ya mizigo, ile ya injini mbili, iende kwenye kiwanja kifupi cha mpakani na kurudi. Magunia, mapipa, jenereta moja, na abiria: Kanali, Bwana Tena, askari kadhaa, na mkalimani.

Kanuni aliyofundishwa ilikuwa nyepesi kutamka. Hakuna kinachopanda bila kupita mizanini, na mtu ni mzigo kama mizigo mingine. Zamani kikosi chetu kilikuwa kinaandika kila mtu kilo sabini, awe kuruta aliyekonda au mkuu wa kambi, na wakubwa walikuwa wanajitajia wenyewe. Hakuna aliyethubutu kumpandisha afisa kwenye mizani kama gunia la vitunguu. Kila mtu alijua kwamba hapo ndipo mtihani ulipo. Sio mafundo, sio hesabu. Kanali.

Usiku wa kuamkia mtihani nilikuwa nimemwandalia Mama Mdogo maneno ya kumtia moyo. Nilimfuata jikoni nikamwambia kwamba kesho yeye ni sauti ya walio chini mbele ya walio juu, asitetereke, historia inamtazama. Akaniuliza kama historia hiyo itaosha vyombo.

Kanali alifika amevaa miwani, tumbo lake likimtangulia kwa heshima. Msaidizi wake akasogea mbele akasema, "Kanali, themanini." Mama Mdogo hakuandika. Alisukuma mizani kwa mguu hadi mbele ya viatu vya mkuu wa kambi.

"Afande, naomba upande."

Msaidizi alitazama pembeni kama mtu anayesubiri kitu kivunjike. Kanali alivua miwani, akatazama mizani, akamtazama sajenti wake, kisha akainama kuanza kufungua kamba za viatu.

"Viatu navyo vinasafiri, Afande," Mama Mdogo akasema.

Akapanda. Sitataja ilisoma ngapi, hiyo ni siri ya ulinzi wa taifa, ila msaidizi alikuwa amemwonea huruma mkubwa wake kwa kilo za mtoto mzima wa darasa la tatu. Mama Mdogo akaandika bila kubadilisha uso. Bwana Tena, nyuma yake, akatikisa kichwa kukubali. Machozi yalinilenga. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kile nilichokuwa nakiandika tu. Nilikuwa bado natunga sentensi ya kwanza ya makala kuhusu tukio hilo nilipomsikia Mama Mdogo, kichwa chake kikiwa kwenye karatasi.

"Na wewe, mwanangu, kilo ngapi?"

"Sabini na mbili," nikasema.

Sikufikiria. Jibu lilitoka kama mtu anavyotaja jina lake. Naye aliandika bila kuinua macho. Huyu ni mwanamke anayeinua pakiti ya sukari dukani kwa mkono mmoja na kumwambia muuzaji imepungua kiasi gani. Watoto wa mtaani humkimbilia awabebe awaambie wameongezeka vipi. Jicho lake halikosei, isipokuwa likinitazama mimi.

Bwana Tena alikuja taratibu akanishika kiwiko, kama anayemsaidia mzee kuvuka barabara. Akanipandisha kwenye mizani. Ilisoma themanini na tisa.

Hakuna aliyecheka mara moja. Nadhani walikuwa wanapiga hesabu ya kutoa. Kisha sauti ya mtu kutoka nyuma ikasema kwa upole, "Msomi amekuja na wenzake," na hapo ndipo walipopasuka. Hata Kanali. Kanali ndiye aliyecheka kupita wote, kwa unafuu wa mtu aliyepata mwenzake.

Bwana Tena hakucheka. Alisema maneno machache, akanitazama. Nikakumbuka kazi yangu. Yale maneno yalikuwa ya kumfikia Mama Mdogo, na hakukuwa na mwingine wa kuyafikisha.

"Anasema," nikaanza, "ndege ingeruka tu leo. Kilo zangu zisingeiangusha."

"Endelea."

"Anasema hakuwa anaipima ndege. Alikuwa anakupima wewe."

"Endelea, mwanangu."

Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kumwambia amefaulu kwa sifa, na Bwana Tena angetabasamu tu kwa heshima. Miezi yote ile nilikuwa nimeongeza maneno kwenye kila sentensi iliyopita mdomoni mwangu, na sasa nilijikuta sina hata moja la kuongeza.

"Anasema umempima kanali, ukamwamini mtoto wako. Anasema ajali haitatoka kwa unayemwogopa. Hawezi kutia sahihi."

Mama Mdogo alikunja karatasi yake mara mbili. Rangi ya mdomo ilionekana nyekundu kuliko kawaida, kwa kuwa sehemu nyingine yote ya uso ilikuwa imepoteza rangi. Askari wakaanza kutazama viatu vyao. Nilitaka kusema kwamba kosa ni langu, lakini kila mtu alikuwa amesoma hilo tayari kwenye mizani.

Kisha akainua kichwa.

"Muulize, kesho ndege yao ya kurudi kwao inapakiwa na nani."

Nikauliza. Bwana Tena akasema inapakiwa na watu wake, kama kawaida.

"Mwambie niipakie mimi. Mizigo yao, watu wao, na yeye mwenyewe ndani. Kama haniamini kwa ndege yake, alikuwa ananifundisha nini muda wote huu?"

Nilitafsiri hivyo hivyo, na ukali wake wote. Wageni wenzake walianza kunong'ona, mmoja alitikisa kichwa kukataa waziwazi. Bwana Tena alitazama ile ndege yao kubwa upande wa pili wa uwanja, akakuna shingo kwa muda mrefu. Hatimaye akamgeukia Mama Mdogo akasema neno lake.

"Tena."

Jioni nyumbani hapakuwa na hadithi. Mama Mdogo aliosha nyavu za zamani kwenye beseni uani, ingawa hazikuwa chafu. Baba Mdogo, aliyekwishasikia kila kitu kwenye kiti cha kunyolea kabla hata sisi hatujafika, alinikatia mkate. Akanikatia wa pili. Akasukuma sahani yote upande wangu. "Kula tu, baba," akasema. "Sabini na mbili lazima zitunzwe."

Nilikwenda uani. Nilimwambia Mama Mdogo kwamba nitaandika barua kwa mkuu wa wageni, nieleze kwamba kumhukumu mtu kwa sababu ya kuwaamini ndugu zake ni kutoheshimu utu wetu. Nilikuwa na hoja mbili nzuri na ya tatu ilikuwa inakuja.

"Usiandike kitu," akasema. Akakamua kamba, maji yakachuruzika. "Mama yako alikuwa kazini siku zile. Mimi ndiye niliyekuwa nakupeleka kliniki. Nakuvalisha ile suruali ya kitambaa, nakuning'iniza kwenye ndoano ya mizani, unapiga mateke kama kuku. Nesi anasoma, mimi nasoma kwanza. Mwezi kwa mwezi. Ukipungua kidogo silali." Akaacha kukamua. "Nikadhani kilo zako nitazijua tu maisha yote."

Hoja ya tatu haikuja.

"Kesho njoo mapema," akaongeza. "Na usivae lile shati la kubana. Unapumua kama filimbi."

Sasa kuna jambo sikulisema. Kanali alikuwa ameamua wageni wapewe zawadi ya kuagwa: nembo ya kikosi, ichongwe kwenye ubao wa mti mgumu na karakana ya kambi, na chini yake maneno machache ya shukrani. Maneno hayo nilipewa mimi. Kanali alisema machache. Mimi niliandika kuhusu ushirikiano, kisha nikaona ushirikiano bila usawa ni mtego, nikaongeza usawa, kisha kujitegemea, kisha kizazi kijacho. Seremala alinijia mara mbili kuniambia ubao hautoshi. Nikamwambia atafute mkubwa zaidi, mambo haya hayafupishwi. Akautafuta.

Asubuhi nilipofika uwanjani Mama Mdogo alikuwa ameshapakia karibu kila kitu. Kwa mara ya kwanza nilimwona kazini bila rangi ya mdomo. Masanduku ya wageni yalikuwa yamepangwa tumboni mwa ndege yao, mikanda imeanzia mbele, nyavu zimekazwa. Wageni walipanda mizani mmoja mmoja, hata yule aliyekuwa ametikisa kichwa. Bwana Tena alipofika zamu yake alipanda begi lake dogo akiwa ameliacha chini, pembeni ya mguu. Mama Mdogo alilitazama begi, akamtazama yeye.

"Tena," akasema.

Bwana Tena akashuka, akalivaa begi mgongoni, akapanda upya. Sikuitwa kutafsiri.

Karatasi ikakamilika. Mlango wa nyuma wa ndege, ule unaoshuka hadi chini kama ulimi, ulikuwa bado wazi, na injini moja ilikuwa imeanza kuzunguka, ndipo gari la Kanali likaja. Nyuma yake askari wanne walikuwa wanasukuma toroli. Juu ya toroli kulikuwa na kitu kipana kama mlango, kimefungwa kwa kitambaa cheupe na utepe. Kanali alishuka amevaa sare ya sherehe. Alipeana mikono na wageni wote, akaniashiria nisogee kwa hotuba fupi, na askari wakaanza kupandisha toroli kwenye ule ulimi wa ndege.

Mama Mdogo akasimama mbele yao. Akainua mikono juu ya kichwa, akaikunja kama mkasi. Ndiyo ishara ya kusimamisha kila kitu. Wageni walitufundisha kwamba anaweza kuitoa mtu yeyote, kwa mtu yeyote, na tangu watufundishe hakuna aliyekuwa ameitoa kwa mkubwa. Askari wakasimama. Rubani, aliyeiona kutoka dirishani, akazima injini. Uwanja ukawa kimya, nikasikia utepe ukipepea.

"Sajenti," Kanali akasema kwa sauti ya chini, "karakana wameandika uzito. Kilo arobaini, karatasi hiyo hapo. Na hii ni zawadi. Zawadi haipimwi mbele ya mgeni."

Alikuwa na haki, kwa upande mmoja. Hata mimi nilijisikia vibaya. Unampaje mtu zawadi kisha unaitupa mizanini mbele ya macho yake, kama unayemwonyesha umemgharimia kiasi gani? Nilimtazama Bwana Tena. Mikono yake ilikuwa nyuma, uso wake hauna kitu. Hakuwa anamsaidia yeyote.

"Afande," Mama Mdogo akasema, mikono bado juu, "ndege haijui zawadi."

Kanali akanigeukia. Alitaka mtu wa maneno, na mimi ndiye mtu wa maneno. Alitaka nimweleze sajenti habari ya heshima. Nilikuwa na hotuba nzima mfukoni, kurasa kadhaa, na zote zilikuwa juu ya ule ubao.

"Afande," nikasema, "arobaini zilikuwa za ubao wa kwanza. Maneno yangu hayakutosha. Seremala akachukua mkubwa."

"Mkubwa kiasi gani?"

"Kama mlango, Afande."

Kanali alifumba macho kidogo. Kisha akawapungia wale askari mkono kuelekea mizani.

Ilisoma sitini na tatu. Askari wa toroli, ambaye bega lake lilikuwa limeijua namba hiyo tangu karakana, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba kujitegemea peke yake ni kilo kumi. Mama Mdogo hakucheka. Alifuta namba kwenye karatasi, akapiga hesabu, akapanda ndani. Alitoa sanduku la vifaa kutoka mbele akalirudisha nyuma, akauweka ule ubao mbele ya masanduku mengine, umelala, akaufunika kwa wavu. Niliutambua ule wavu. Ulikuwa na unyevu bado.

Bwana Tena alipanda akavuta mkanda mmoja. Akavuta wa pili. Akazunguka upande wa pili, akapiga goti, akavuta wa tatu. Mama Mdogo alisimama na kidole gumba katikati ya meno. Kisha yule mzee akatoa karatasi ya cheti kwenye begi lake, akatafuta mahali pa kuandikia, akakosa, akaiweka juu ya zawadi, juu ya kitambaa cheupe, akatia sahihi. Chini ya kalamu yake yalikuwa yale maneno yangu yote kuhusu usawa, yamefunikwa vizuri asiyasome.

Sikutoa hotuba. Nafasi yake ililiwa na kupima.

Mlango ulifungwa, tukarudi nyuma hadi ukutani mwa banda. Ndege kubwa ilijikokota hadi mwisho wa njia, ikageuka, ikaja ikikimbia. Mama Mdogo alikuwa anasema kitu kwa midomo bila sauti. Pua ikainuka pale inapotakiwa kuinuka, si mapema, si kwa kuchelewa, na ikapaa ikiwa imetulia kama mwiko juu ya kikombe. Aliitazama hadi ikawa doa.

Ndipo akatoa rangi ya mdomo mfukoni, akapaka bila kioo. Upande wa pili wa uwanja ndege yetu ndogo ilikuwa inasubiri, na kando yake maboksi ya dawa za hospitali ya mpakani. Akashika kamba ya mizani akaanza kuiburuta kuelekea huko, magurudumu yakilia. Alipoisimamisha, Kanali, ambaye alikuwa anasafiri na ndege hiyo, alifika kabla hajaitwa. Alivua kofia, akaifikiria kidogo, akairudisha kichwani, akapanda.

Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye mstari.